Sahihi ya Mwalimu wa La Pili A

Shuleni kwetu siku ya mwalimu inaanza na kitabu cha mahudhurio. Kinakaa kwenye kimeza nje ya ofisi ya mwalimu mkuu, kalamu imefungwa uzi isiibwe, na ikifika saa moja na nusu mkuu anatoka na kupiga mstari mwekundu. Ukisaini chini ya mstari umechelewa. Ukichelewa mara tatu unaandikiwa barua. Basi walimu tulizoea kusainiana: anayewahi anawasainia walio njiani. Mimi naishi Ilala, naenda kazini kwa miguu, kwa hiyo nilikuwa mtu wa kuwahi daima, na nilikuwa naweza kuandika sahihi za walimu watano kwa mkono mmoja huku nimeshika chai kwa mwingine. Hatukuona ubaya. Tuliona utu. Mimi, niliyekuwa mwakilishi wa chama cha walimu pale shuleni, niliona hata kuwa ni sehemu ya kazi yangu.

Shule yenyewe iko ndani kabisa ya Kariakoo, imebanwa na maghorofa pande tatu. Wazazi wetu ni wachukuzi wa mizigo, mama ntilie, wauza mitumba wa Mchikichini. Wenye maduka watoto wao huchukuliwa na mabasi ya njano alfajiri, na sisi tunapishana nayo tukiingia getini. Zamani nilikuwa najiambia kwamba mtoto ni mtoto na ubao ni ubao. Siku hizi nikisikia mtu anasema hivyo namuuliza wake anasoma wapi.

Upande wa nne palikuwa na nyumba ya zamani ya vyumba sita. Ikauzwa, ikavunjwa kwa siku mbili, pakazungushiwa mabati. Kisha wakaanza kuchimba, na hawakuchimba msingi tu. Walitaka stoo chini ya ardhi, kwa hiyo walishuka na kushuka, mpaka ukichungulia kwenye upenyo wa mabati ulikuwa unaona kofia za vibarua kwa juu. Ukuta wa darasa la pili A umepakana na lile shimo. Mashine ikigonga, maji ya kunywa kwenye ndoo ya darasa yalikuwa yanatetemeka.

Ufa ulianzia kwenye kona ya dirisha, mwembamba, ukapanda mpaka juu ya ubao. Mwalimu wa darasa lile alikuwa mama kijana anayetoka Chamazi na mwanawe wa kiume, ambaye naye alikuwa akisoma humo humo la pili A. Ni yeye aliyeniita nikauone.

"Dada, wiki iliyopita haukufika hapa," aliniambia, akiweka kidole kwenye ukuta.

Nikamwomba mzazi mmoja, fundi wa ujenzi, apite aukague. Alichana karatasi ya daftari, akaipaka gundi na kuibandika juu ya ufa, nusu huku nusu kule.

"Mwalimu, karatasi haina ugomvi na mtu," akasema. "Ikikaa nzima, ukuta umetulia. Ikichanika, ukuta unatembea. Ukiona hivyo usiningoje mimi, toa watoto."

Ilikuwa Alhamisi. Jumatatu asubuhi karatasi ilikuwa imechanika katikati, imenyooka kama iliyokatwa kwa wembe.

Niliandika barua siku ile ile, kurasa mbili, nikiomba darasa lifungwe na uchimbaji usimame mpaka ukuta ukaguliwe. Mwalimu mkuu aliisoma, akasema yeye hawezi kuipeleka mahali. Nikapiga simu ofisi ya chama, wakaniambia ikisainiwa na walimu wote watakuwa na pa kuanzia, na iwafikie kabla ya saa tisa kwa sababu kesho yake wana kikao. Mchana nikawakusanya wenzangu chumba cha walimu. Kulikuwa na woga, sitaki kudanganya. Mmoja aliuliza kama barua ya namna ile haimfanyi mtu ahamishiwe mbali. Nikawaambia hawawezi kutuhamisha wote. Wakasaini mmoja mmoja, wengine wakiandika kwa haraka kama wanaogusa sufuria ya moto.

Sahihi moja tu ilikosekana, nayo ndiyo iliyotakiwa kuliko zote. Mwalimu wa la pili A alikuwa hospitali na mwanawe, na simu yake haikupatikana. Ilikuwa saa nane na dakika arobaini. Nilijua anachowaza, ni yeye aliyenionyesha ufa. Asubuhi ile ile nilikuwa nimeshamsainia kitabu cha mahudhurio. Nikashika kalamu nikaandika sahihi yake, ile herufi kubwa yenye mkia, vizuri kuliko anavyoiandika mwenyewe.

Wiki iliyofuata alikuja afisa wetu wa elimu, bwana mpole, shati limepigwa pasi, barua yetu, iliyomfikia kupitia chama, kwenye faili. Hakuuliza habari za ufa. Alimwita mwalimu mmoja mmoja ofisini na kumwonyesha sahihi yake. "Hii ni yako?" Basi. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye benchi nje, na alipoingia mwalimu wa la pili A ndipo nilipokumbuka kwamba sikumwambia. Katika mambo yote ya wiki ile, nilisahau kumwambia. Nilizoea mno, wanaosainiwa hawakuwa wanaambiwa.

Alitoka hajakaa hata dakika tano. Hakunitazama.

Nilipoitwa, afisa alinikaribisha kiti. "Mwalimu, mwenzako anasema hakusaini. Na mimi namwamini. Wewe unasemaje?"

Nilimwambia ukweli. Nikamwambia pia twende darasani akaone karatasi.

"Tutafika huko," alisema. "Kwanza tuna suala la kughushi."

Hatukufika huko. Barua ikawa haina maana tena, kwa sababu ikiwa sahihi moja ni ya uongo, nani anajua ngapi nyingine? Chama kikaniambia kwa upole nikae kimya, shauri la nidhamu likifunguliwa watanitafutia mtu wa kunitetea. Shauri halikufunguliwa. Liliachwa juu ya kichwa changu, na afisa alinikumbusha hivyo kwa tabasamu kila tulipokutana. Wenzangu walioandika sahihi zao wenyewe pamoja na woga wao, niliwaponza, na nikiingia chumba cha walimu waliinamia madaftari yao. Afadhali wangenitukana.

Wikiendi moja wakaja mafundi wakapiga plasta na rangi ya maziwa. Tunawafundisha watoto methali ya ufa na ukuta tangu darasa la kwanza, msomaji unaijua, sina haja ya kuiandika. Inasema kuziba. Nao waliziba.

Jumatatu mwalimu mkuu akapanga upya walimu wa madarasa. Mwalimu wa la pili A akapelekwa mkondo B, upande wa pili wa uwanja.

"Na wewe," akaniambia mbele ya watu, "kwa kuwa unalipenda sana lile darasa, utalichukua."

Nikalichukua. Watoto walizidi mia, wengine wamekaa chini kwenye sakafu. Niliwasogeza wote mbali na ukuta wa dirisha, wakabanana hata wa katikati hakuweza kufungua daftari. Mkuu akapita akaniamuru niwatawanye, ukaguzi unakuja. Nikawatawanya. Nilibandika karatasi mpya juu ya rangi, ndogo, nyuma ya chati ya silabi, na kila asubuhi kabla ya kengele niliinua chati.

Kitu cha kwanza kilichonitisha hakikuwa karatasi. Ilikuwa daftari la majina. Mjukuu wa mwalimu mkuu, aliyekuwa la pili A, akahamia B. Nikaambiwa macho yake hayaoni ubao. Kisha mtoto wa mwalimu wa hisabati. Kisha mapacha wa mwalimu wa la sita. Kila mmoja na sababu yake: kifua, rafiki, mwanga. Hakuna aliyetaja ukuta. Wote walisema mbele yangu kwamba lile jambo limekwisha, tuzungumzie mengine, halafu wakaja na karatasi za kuhamisha mkondo, ambazo mwalimu wa darasa lazima azisaini. Nilisaini zote. Niliwachukia nikiwasainia, na nilijua kwamba ningekuwa na mtoto humo ningefanya vile vile.

Akabaki mtoto wa walimu mmoja tu, yule wa Chamazi. Nilikuwa nikimwangalia kama wavuvi wa Feri wanavyoangalia bendera ya hatari. Nilijiambia, mama yake ndiye aliyeuona ufa kwanza. Maadamu yeye yumo, bado tuna siku.

Alikuja asubuhi moja, kipindi cha kwanza hakijaanza. Mashine ya jirani ilikuwa haijawashwa. Alisimama mlangoni, hakuingia, mkono ameunyoosha na karatasi.

"Shikamoo dada."

"Marahaba."

"Naomba unisainie."

Mara ngapi alikuwa ameniambia neno hilo kwa simu, akiwa kwenye foleni, mtoto ubavuni? Nikachukua karatasi. Nilitaka kumwomba radhi kwa ile sahihi, na nilitaka aniombe radhi kwa jibu lake. Nikaandika jina langu mwenyewe, polepole. Mtoto akachukua begi lake, akapita katikati ya wenzake, akashika mkono wa mama. Walipofika nusu ya uwanja, yeye mama akageuka, akatazama paa la darasa, akaharakisha.

Nikaenda kwenye chati nikaiinua. Karatasi ilikuwa imechanika.

Mtoto wa kike wa dawati la mbele, mama yake anauza vitumbua karibu na soko, alikuwa ananitazama. "Mwalimu," akauliza, "na sisi tunahama lini?"

Sikuwa na barua, wala chama nyuma yangu, wala sahihi ya mtu. Nikamwambia, sasa hivi. Nikawaambia wote wachukue mabegi, na wale wakubwa wabebe ubao mdogo.

Mpaka leo tunasomea kibarazani, ng'ambo ya uwanja, jua likigeuka na sisi tunageuka. Mkuu ameniandikia barua tatu, na kila asubuhi jina langu analipigia mstari mwekundu hata nikiwa wa kwanza kufika. Jirani wamefika ghorofa ya nne. Ukuta wetu bado umesimama. Kila siku unaposimama mimi naonekana mwongo zaidi, na wazazi wengine wameanza kuniuliza kwa nini nawaunguza watoto wao juani wakati darasa lipo, lina rangi mpya. Nawajibu kwa adabu. Halafu jioni, nikipita Mnazi Mmoja kurudi nyumbani, namwomba Mungu anijalie nife nikiwa mwongo.