Shikamoo Katikati ya Mtihani wa Kuchomelea

Siku ya kwanza kazini nilivaa koti jipya la karakana, nikaingia kwa madaha kana kwamba mageti yote ya Singida nimeyachomelea mimi. Baada ya miaka mingi ya ufundi pale Utemini, nilikuwa nimeitwa kuwa mtahini msaidizi. Tulipima wanafunzi wa ufundi wa kidato cha nne, tuone kama wanaiweza kazi yenyewe, siyo kuiandika daftarini tu.

Kila mmoja alipewa vipande viwili vya chuma aviunganishe. Kisha tulikibana kiungo kwenye jiliwa, kile kibanio cha mezani, tukakigonga nyundo mpaka kipinde. Kikipasuka, amefeli. Mtahini Mkuu hakuwa na masihara.

Nikafika kwa Salma, msichana wa Shelui. Gereji moja ya malori kule ilimwahidi kazi akipata cheti. Asipopata, hakuna kazi. Cheche zilikuwa zinaruka vizuri kweli. Nami, na cheo changu cha asubuhi ileile, nikasimama mbele yake nikakohoa, nangoja salamu.

Akakatisha moto, akainua ngao ya uso, akapiga goti. "Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu." Nikaenda zangu nimeridhika. Yeye akawasha tena harakaharaka kufidia muda, bila kubangua maganda yaliyoganda juu ya chuma, yale yanayozuia kiungo kushika.

Kiungo kilipogongwa kilipasuka palepale alipokatishia. Mtahini Mkuu akashika kalamu. "Huyu bado."

Salma aliinama, machozi yanamlenga. Asingeweza kunishtaki mimi, mtu mzima, mbele ya mkubwa wangu. Nikisema, huenda kazi nikaipoteza kabla ya chai ya saa nne. Nikasema.

"Mzee, kosa ni langu. Nilimsimamisha anisalimie."

Akaiweka kalamu chini. "Wewe umekuja kupima mikono au kukusanya shikamoo?"

"Mikono, mzee."

"Mpe vipande vingine. Na muda wake wote aupate."

Safari hii Mtahini Mkuu alimsogelea, akakohoa makusudi, kwa nguvu. Salma hakugeuka.

"Samahani, mzee, nimalizie kwanza!" ilisikika sauti nyuma ya ngao, na mkono haukutetereka.

Tukagonga. Chuma kikapinda mpaka ncha zikakaribiana, hakuna hata ufa! Nilishangilia mpaka karakana nzima ikacheka. Salma alipata cheti chake, na gereji ikampokea.

Tangu hapo, kote nilikopelekwa, Iramba hadi Mkalama, salamu tulizimaliza mlangoni kabla ya mtihani. Baadaye nami niliitwa Mtahini Mkuu, na sheria hiyo sikuibadilisha.

Sasa nimestaafu, nakaa Mandewa. Shule zikinialika siku ya mitihani naenda mbio kama kijana. Naingia karakana na mvi zangu, napita katikati ya vijana thelathini, na hakuna hata mmoja anayeinua uso kunitazama. Nyie, raha ninayoisikia!