Gari la Mama Mkwe Linakataa Kona

Mama mkwe wangu ni msusi, na hilo atakwambia hata kama umemuuliza saa tu. Amesuka mabibi harusi, akaja kusuka binti zao, na wapo wateja wanaosinzia katikati ya kazi kwa sababu vidole vyake havivuti nywele, vinapita tu. Ulimi wake hauna upole huo. Mimi ni fundi makochi, nimemuoa binti yake mkubwa, na siku nilipokwenda kujitambulisha aliniuliza kama makochi yangu hukaliwa au huangaliwa tu.

Sasa mwanamke huyo aliteleza kwenye sakafu ya saluni, sakafu aliyotoka kuipiga deki mwenyewe, akaangukia mkono wa kulia na kifundo kikavunjika. Plasta ilipotolewa akahamia kwetu kuuguzwa. Mfupa ulikuwa umeunga vizuri, lakini vidole vilikuwa vigumu kama vya sanamu. Mtaalamu wa viungo akampa kimpira cha kuminya kila siku na kumwambia bila kuzunguka kwamba asipovitumia sasa vitabaki hivyo hivyo, na kusuka asahau.

Akakiminya siku ya kwanza. Siku ya pili nilikikuta chini ya kochi.

"Mama, kimpira chako hiki hapa," nikamwambia.

"Mpe mbwa."

"Hatuna mbwa, mama."

"Basi tafuteni."

Mke wangu ndiye aliyekumbuka gemu ya magari. Zamani, kitinda mimba wao alipokuwa bado nyumbani, walikuwa na mashine ya gemu, na mama akifunga saluni alikuwa akikaa na kuwashinda watoto wa jirani mpaka wanakwenda kumshtaki kwa mama zao. Mashine ilikufa siku nyingi. Kilichobaki ni pedi yake, ile ya kushika mkononi yenye vitufe, na mama alikuwa ameifunga kwenye kitambaa ndani ya sanduku la vitana vyake. Tulipomuuliza kwa nini hakuitupa, alisema haikuwa na kosa lolote.

"Niachieni mimi," nikasema. Mke wangu anasema maneno hayo mawili yamemzeesha kuliko kuzaa.

Karakana kwangu nina kompyuta kuukuu ya kuwaonyesha wateja picha za makochi. Nikaileta nyumbani, nikaiwekea emuleta, yaani programu inayoifanya kompyuta ijifanye ile mashine ya zamani. Nikatafuta na adapta ya kuunganisha pedi. Taa ikawaka kijani, gemu ikafunguka, muziki ukalia, na mama mkwe akatikisa kichwa kidogo kwa kuufuatisha. Nikajiona nimemaliza.

Kumbe programu haijui kitufe kipi ni kipi mpaka uifundishe. Inaandika "juu", unabonyeza juu; inaandika "kulia", unabonyeza kulia; hivyo hivyo mpaka vitufe viishe. Hapo ndipo nilipoleta busara ya ufundi wangu: kochi hupimwa kwa anayelikalia. Mama atabonyeza mwenyewe, kwa mkono wake mwenyewe.

Tena mimi ni mtu mwenye adabu zangu. Sikai kochi moja na mama mkwe, wala simkodolei macho mikononi. Na yeye hakutaka ule mkono uonekane. Alikuwa ameufunika kwa mtandio mapajani, pedi na vyote. Basi nikakaa mezani nimempa mgongo, nikawa nasoma kwa sauti kama nesi anayeita wagonjwa.

"Mama, juu."

"Nimebonyeza."

"Kulia."

"Tayari. Ungeniuliza na jina la mwalimu wangu wa shule."

Mbio zikaanza. Barabara ikapinda kulia, gari likaenda kushoto, likabusu ukuta. Akalirudisha barabarani, likabusu ukuta wa upande wa pili.

"Baba, hili gari umelinywesha nini?"

Nikaichukua pedi nijaribu mwenyewe. Kila kitu kilikuwa kinyume: nikibonyeza juu, orodha ya gemu inashuka, nikienda kulia, inaenda kushoto. Nikatangaza kwamba adapta ni mbovu. Nikabadilisha adapta, nikamsomea upya, naye akabonyeza upya, na ukuta ukabusiwa upya. Nikasema basi ni programu. Nikaifuta, nikaiweka nyingine. Nikatazama video ya kijana mmoja anayeeleza mambo hayo huku anaongea kama anafukuzwa, nikafuata kila alichosema, na mwisho wa yote nikarudi palepale: "Mama, juu." "Nimebonyeza."

Mke wangu alikuwa akirudi kazini jioni ananikuta nimeinama na bisibisi, jasho linanitoka.

"Umemuuliza mama?"

"Nimuulize nini? Fundi ni nani hapa?"

"Sawa, fundi."

Katika nyumba yangu neno "sawa" likisemwa hivyo, mwenye akili hutafuta kazi ya kufanya nje.

Lakini kicheko kilianza kuisha. Mama aliacha kulitukana gari. Akigonga ukuta, anauvuta tu mtandio juu zaidi. Jioni moja akaiweka pedi kando, akamwita binti yake.

"Lile sanduku la vitana mpelekee yule msichana anayenisaidia saluni. Vitamfaa."

"Vitana vyako, mama?"

"Gari halina kosa," akasema, tena kwa upole. "Ni mkono. Vidole vimenisahau."

Nimetukanwa na mama huyu kwa sauti zake zote na sijawahi kupoteza usingizi. Upole ule uliniuma. Nilitamani anitukane, aniambie hata makochi yangu ni mbao za kukalia, mradi asiseme maneno hayo.

"Mama, mara moja tu tena," nikamwambia. "Ikishindikana, nitaipeleka pedi kwa mbwa."

Hakucheka, ila mkono akaunyoosha. Nikasahau adabu zangu, nikampelekea pedi palepale kochini, na mtandio ukateleza. Ndipo nikaona waya. Waya wa pedi hutokea upande wa mbele, uelekee kwenye skrini. Wa kwake ulikuwa unamwingia tumboni.

"Mama, unaishika hivyo?"

"Ninavyoishika siku zote."

Alikuwa ameishika kichwa chini miguu juu. Yule kitinda mimba, alipomfundisha, alikaa mbele yake wakitazamana, akamtia pedi viganjani vile vile alivyoishika yeye, na mama hakuigeuza tena. Miaka yote alikuwa akitaka kwenda kulia anabonyeza kushoto, na vidole vyake vikajua hivyo kuliko vinavyojua kufunga vifungo vya gauni. Kisha nikaja mimi na busara ya kochi. Nilipoita "kulia", alibonyeza kulia kwa uaminifu, na kompyuta ikamsadiki. Kwa mara ya kwanza maishani gari likaenda anakobonyeza, na hilo ndilo lililokuwa likimtupa ukutani.

Nikakaa, nikafundisha programu mwenyewe, pedi nimeishika kama watengenezaji walivyotaka. Nilipomaliza nikaipindua, nikamtia viganjani.

Gari likaondoka. Kona ya kwanza ikapita. Ya pili akagusa ukuta, kwa sababu kidole gumba kilikuwa kigumu kweli, lakini safari hii alijua kosa ni la nani. "Sogea, mvivu wewe," akakiambia. Kikasogea.

Mke wangu akaingia, akatazama kidogo, akatua mkoba.

"Mama huishika kichwa chini," akasema. "Kila mtu anajua."

"Mbona hukuniambia?"

"Si wewe ndiye fundi?"

Tangu siku hiyo kompyuta haikurudi karakana. Wateja wangu wanachagua makochi kwa kuelezwa. Mimi nilipewa kibodi nishindane naye, nikakaa kochi hilo hilo, upande wa mwisho, na sijawahi kumpita hata kwa bahati mbaya. Kidole gumba kilitangulia kulainika, vingine vikafuata kwa kujivuta.

Asubuhi moja alimwita binti yake aketi sakafuni mbele yake. Sanduku la vitana lilikuwa wazi. Halikuwahi kutoka nyumbani. Akachana njia, akaanza kusuka. Ulikuwa mstari mmoja tu na ulimchukua muda mrefu. Ulianza umenyooka kwenye paji la uso, na ulipofika karibu na sikio ukayumba kabla ya kurudi njiani.

"Nifumue?" akauliza.

Mke wangu aliupapasa mstari kwa kidole mpaka mwisho. Akainuka, akazifunga nywele zilizobaki kwa nyuma, akaenda nao kazini hivyo hivyo.

Mama alimtazama mpaka akapotea mlangoni. Kisha akanigeukia.

"Fundi, mstari umeikata ile kona ya sikio?"

"Umeikata, mama."