Fundi Nashon na Pikipiki Zisizo na Breki

Nashon Obura hakuwahi kuona mbio za pikipiki ziitwazo spidiwei kwa macho yake hata mara moja, na ukimkumbusha hilo mbele za watu alikununia wiki nzima. Alikuwa fundi pikipiki wa Kawempe, Mjaluo wa Ugenya aliyeingia Kampala mwaka 1988, vita vimekwisha na mji unatafuta watu wa kuutengeneza. Lakini ungemuuliza nani alitwaa ubingwa wa dunia mwaka fulani, angekujibu kabla hujamaliza swali, kisha akakuongezea uwanja, nchi na hali ya hewa ya siku hiyo. Mimi nilimjua kwa sababu nina duka la kuchapisha na kutoa kopi Wandegeya, na katika wateja wangu wote hakuna aliyenisumbua kama yeye.

Ugonjwa ulimpata kwenye kreti la vipuri. Mwaka 1993 alinunua katika soko la Kikuubo vipuri vya mtumba kutoka Uingereza, na kila kipuri kilikuwa kimefungwa kwa kurasa za gazeti. Mtu mwingine angewashia jiko karatasi zile. Nashon alizipiga pasi. Gazeti zima lilikuwa la mchezo mmoja, na alilisoma hadi akajua ratiba ya ligi ya msimu uliokwisha zamani. Alinieleza siku ya kwanza alipokuja kutoa kopi, mimi nikiwa na foleni ya wanafunzi mpaka barabarani. Waendeshaji wanne, uwanja wa udongo wenye umbo la yai, mizunguko minne, kona zote za kushoto. Pikipiki ina gia moja na haina breki kabisa.

“Haina breki?” nikamuuliza. “Na watu wanapanda?”

“Dada Teresa, huo ndio usalama wenyewe,” akasema. “Wote wanateleza pamoja kwenye kona. Mmoja akifunga breki ghafla, wa nyuma anampanda mgongoni. Breki ndiyo inaua.”

Neno hilo alilisema mwaka 1993, akicheka. Ningependa kulisahau, lakini siwezi.

Mkahawa wa intaneti ulipofunguliwa jirani yangu mwaka 1999, nilidhani nimepumzika. Wapi! Sasa alikuja kila Jumatatu kusoma matokeo ya Uingereza, Poland na Sweden, kisha anapitia kwangu kunihutubia. Siku moja aliingia amevimba kwa hasira kwamba ubingwa wa dunia hauamuliwi tena kwa fainali moja, umegawanywa katika mashindano mengi ya mwaka mzima. Nikamuuliza wamebadilisha lini. Mwaka 1995, akasema. Miaka minne ilikuwa imepita, na yeye alikuwa na uchungu wa msiba wa jana. Nilicheka hadi nikaharibu karatasi kwenye mashine.

Mwaka huohuo akaamua kwamba Kampala nayo iwe na mbio zake. Alipata uwanja nyuma ya tanuri la matofali, juu ya mteremko unaoshuka hadi barabara ya lami, na akawakusanya waendesha boda wanne. Pikipiki hazikuwa zao, walikuwa wamekodi, na mwenye mali angesikia zinashindanishwa angezichukua siku hiyohiyo. Kwa hiyo walikula kiapo cha kunyamaza, hata kwa wake zao. Jumapili mchana walikutana tanurini na kufunga vitambaa kwenye kofia: nyekundu, buluu, nyeupe, njano, kama ilivyo Ulaya. Nashon alifungua waya ya breki ya mbele na chuma cha breki ya nyuma kwenye kila pikipiki, akaviweka kwenye beseni. Mbio zikiisha, walioga pale pale kwa sabuni na maji ya kufyatulia matofali na kubadilisha nguo, kwa maana tope lingewasema.

Kisha Nashon alirudisha breki, moja baada ya nyingine, kwa mikono yake mwenyewe. Akimaliza pikipiki aligonga tangi la mafuta mara mbili kwa spana. Hiyo ndiyo ilikuwa ruhusa. Bila kugongewa tangi, hakuna aliyewasha injini kuondoka. Nilikwenda kuwaona mara tatu, na lazima niseme, pamoja na kelele zote nilizompigia Nashon, jambo hilo moja walilifanya kwa heshima kubwa.

Mimi nilimchapishia karatasi za alama. Alikuwa amesoma kwamba Uingereza watazamaji hawakai tu kushangilia. Kila mmoja ana karatasi yake na kalamu, na kila mbio zikiisha anaandika mwenyewe: wa kwanza tatu, wa pili mbili, wa tatu moja, wa mwisho sifuri. Nashon alisema mtu asiyejaza karatasi hajaona mbio, ameona vumbi tu. Alijaza kwa penseli, ulimi umetoka pembeni ya mdomo, na wakati huo ungeweza kumuibia viatu miguuni.

Bora kuliko wote alikuwa Kamis, mwenye kitambaa chekundu. Alikuwa mtu wa Kawempe Mbogo, mkimya, mwenye mke anayeitwa Halimah na binti wa miaka kumi. Kamis aliingia kwenye kona kana kwamba pikipiki imelala na yeye anaibembeleza. Nashon alimpenda kwa namna iliyonitia huruma. Aliniambia kwamba huyo, angezaliwa Poland, angekuwa anapanda ndege kila wiki kutoka ligi hadi ligi.

Jumapili moja ya Aprili, mwaka 2001, mvua ilikatiza mbio. Wote wakakimbilia kibanda cha tanuri. Ilipopungua, Nashon alirudisha breki za buluu, nyeupe na njano, akagonga matangi, na hao watatu wakabaki wakiongea. Ilibaki pikipiki ya Kamis. Lakini kabla ya kuishika akavuta karatasi ya alama, kwa sababu msimu ulikuwa unaisha na Kamis na yule wa buluu walikuwa wamekaribiana sana, na mvua ilikuwa imefuta mbio mbili. Je, alama zihesabiwe zilivyo, au mbio zirudiwe? Huko Ulaya kuna kanuni ya jambo hilo, na Nashon alikuwa anaitafuta kichwani. Kule chini, kando ya lami, mwanamke mmoja mwenye sanduku akampungia Kamis mkono, anataka kupelekwa mjini. Kamis alikuwa ameshaoga na kubadilisha nguo. Akasukuma pikipiki hadi alipokaa Nashon.

“Fundi, gonga bana. Mteja nangoja.”

Na Nashon, macho kwenye karatasi, akanyoosha mkono akagonga tangi mara mbili.

Kamis hakuangalia breki. Kwa nini aangalie? Kwa miaka miwili mkono ule haukuwahi kumdanganya. Mahali pa kwanza alipohitaji kusimama palikuwa mwisho wa mteremko, kwenye lami, na lori lilikuwa linapita. Nashon alisikia kishindo ndipo akainua uso, akaona waya na chuma vimelala kwenye beseni.

Pikipiki ilipondeka vibaya, hakuna aliyejua kilichokuwepo na kisichokuwepo. Ikasemwa ni mvua na utelezi. Wale watatu wakanyamaza kwa hofu ya wenye pikipiki. Nashon akanyamaza kwa hofu tupu. Kwenye mazishi alisimama nyuma ya watu wote, na tangu siku ile hakukanyaga tena mkahawa wa intaneti. Uwanja ukaota nyasi. Alipokuja dukani kwangu baada ya miezi miwili aliniambia yote, kwa sababu nilimuuliza mbona haleti karatasi. Nilimwambia aende kwa Halimah. Akasema ataenda. Nilimwambia tena mwaka uliofuata, na mwaka uliofuata, mpaka nami nikachoka. Hilo najilaumu. Ningeweza kwenda mwenyewe nikamaliza maneno, lakini nilijiambia siri si yangu, na kila tukikutana naye tulizungumza bei ya wino na afya ya mama yake kule Ugenya.

Alizeeka vibaya. Mikono ilikuwa ileile, lakini alirudia kila kazi mara mbili, mara tatu, mpaka wateja wakamkimbia. Mtu anakuja kubadilisha taa tu, Nashon anamfungulia breki kuzikagua. Walimcheka pale Kawempe kwamba fundi amerukwa na akili. Mimi nilikuwa najua, na moyo uliniuma kumsikia akichekwa.

Mwaka 2010 Halimah mwenyewe aliingia dukani kwangu. Hakunijua, ila mimi nilimtambua alipotaja jina lake na la Kawempe Mbogo. Alikuja kuchapisha kadi za harusi ya binti yake. Nilimpangia maneno kama ilivyo desturi, nikafika mahali pa kuandika binti wa nani.

“Jina la baba yake?” nikauliza.

“Hapana andika yule,” akasema. “Weka jina yangu tu.”

Nilimwambia wakwe watashangaa, kadi ya binti Mwislamu bila jina la baba. Akaniangalia kwa jicho kavu, akasema jina hilo halijatajwa nyumbani kwake kwa miaka tisa na halitaanza kutajwa kwenye harusi. Alipotoka nilifunga duka, saa tano asubuhi, wanafunzi wakinilalamikia, nikapanda boda moja kwa moja hadi kwa Nashon. Nilimwambia, leo utakwenda, hata kama ni kwa kukuburuta.

Tulimkuta Halimah anachambua mchele kwenye ungo barazani, wa kupikia wageni. Alimkumbuka Nashon kidogo, kama fundi aliyemtengenezea Kamis pikipiki. Nashon hakukaa. Alisema amesimama mbele yake kama mkosaji, kisha akasema yote bila kupumua: mbio, kiapo, vitambaa, breki, beseni, karatasi, na mkono wake uliogonga tangi. Alimaliza kwa kusema, “Ni mimi niliyemuua mume wako, mama. Si mvua.”

Halimah aliendelea kuchambua mchele. Nilidhani hakuelewa.

“Kila Jumapili?” akauliza.

“Kila Jumapili.”

“Alikuwa naoga huko?”

Nashon akashangaa swali. “Ndiyo. Sote tulioga… yaani wao walioga. Kwa sababu ya tope.”

Halimah akaweka ungo chini. “Mwanamume natoka kwangu na shati ya kazi,” akasema taratibu, “narudi jioni ameoga, nanukia sabuni hapana ya nyumba yangu, na shati ingine. Mimi nauliza, yeye nanyamaza. Miaka mbili. Mimi nasema ana bibi ingine mahali. Halafu yeye nakufa, mimi nafika pale kwa barabara, nakuta mwanamke na sanduku nalia juu yake. Mimi sijui ule mwanamke. Nasema, kumbe ndiye huyu, walikuwa naenda safari.”

“Alikuwa mteja,” Nashon akasema. “Alimwita tu kutoka barabarani. Hakumjua.”

“Mimi sikumlilia, fundi. Watu wote walilia, mimi hapana. Nilichoma nguo zake. Mtoto nikamukataza kaburi ya baba yake.” Sauti yake ilikuwa bado ya chini. “Ile breki, ungenambia siku ya mazishi, pengine ningekusamehe. Hata wewe ni mtu, umekosea. Lakini miaka tisa unanijua nakaa hapa, na mimi namchukia mtu hana kosa.”

Nashon alipiga magoti. Halimah hakumtazama. Mimi nilikuwa nalia na sikuona haya, kwa maana miaka yote ile tulidhani tunaficha kosa la Nashon peke yake, na kumbe tulikuwa tumemnyima mwanamke mume wake.

Ndipo Halimah akapiga yowe. Aliusukuma ungo, mchele ukamwagika barazani, akajishika kichwa na kulia kwa sauti ya siku ya kwanza ya msiba, akimwita Kamis kwa majina ya ndani ambayo sitayaandika. Majirani walitoka mbio, wengine na mikono yenye unga. Binti akaja kutoka ndani, hina ya kujaribia haijakauka mikononi. Mzee mmoja akaingia uani, akatuangalia sisi wageni, akamuuliza Halimah nani amekufa.

“Kamis,” Halimah akasema. “Mume wangu amekufa. Leteni mkeka.”