Viti vya Posa Vilivyomwangusha Mzee Sadalla

"Mmetutegea viti vibovu ili tuondoke wenyewe. Semeni tu hamtaki."

Aliyesema hivyo ni Mzee Sadalla, baba mkubwa wa Safari, kijana aliyeleta posa kwa binti yangu Sabiha. Alisema akiwa bado chini, kanzu imejaa vumbi, mguu wa kiti umelala kando yake.

Na hicho kilikuwa kiti cha pili. Cha kwanza kilimwangusha hata salamu hajamaliza.

Hapo ni uani kwetu, mtaa wa Ngamiani. Sabiha yuko dirishani anatafuna mtandio. Mume wangu anafuta jasho tu.

"Twendeni," Mzee akawaambia wenzake. "Posa hii nimeifunga."

Mazungumzo ya posa ni ya wanaume. Mimi nikaingilia hivyo hivyo.

"Mzee, shikamoo tena. Kabla hujaondoka, tazama hapa."

Nikakivua kile kiti kilichovunjika kitambaa chake cha mapambo, nikapitisha kidole mgongoni mwake. Kikatoka cheupe kama nimeshika chaki.

"Uchawi huo," mtu akanong'ona.

"Uchawi wapi? Jua hilo." Nina stashahada ya maabara, na kazi yangu ni kupima mabomba ya plastiki. Sina muda wa majini. "Kiwandani plastiki inachanganywa na dawa ya kuikinga na jua. Dawa haidumu. Nyingine jua linaimaliza humo humo ndani, nyingine inapanda juu polepole, mvua inaiosha. Ikiisha, jua linakula plastiki yenyewe. Kwa macho ni kiti, ukikikalia ni biskuti."

"Kwa hiyo jua limenichagua mimi?"

"Hapa mwenye kitambi ni wewe, kaka," akajibu Bi Mwatumu, dada yake aliyekuja naye.

Watu wakaangalia pembeni wasicheke.

"Viti vya nani hivi?" Mzee akauliza.

"Vya mtaa. Tumeazima kwa mjumbe. Vinatoka msibani vinaingia harusini, vinalala juani, mwenyewe hajulikani."

Mgongoni mwa kiti palikuwa na alama ya rangi nyekundu, namba saba. Nikaibandua ukingoni kwa ukucha. Chini yake plastiki ilikuwa bluu, kama imetoka dukani jana.

"Unaona? Rangi ilipakinga hapa na jua. Kwingine kote pamepauka."

Bi Mwatumu akasogea, akainama, kisha akacheka mpaka akashika ukuta.

"Sadalla, saba yenye mkia hivi si mkono wako? Hivi si vile viti vyako vya bluu vya msiba wa mama, ukasema watu wa mtaa wa Makorora wamekuibia?"

Mzee akakigeuza kiti. Akakigeuza tena.

"Vyangu vilikuwa bluu," akasema kwa sauti ndogo.

"Na nywele zako zilikuwa nyeusi."

Hapo hata yeye akacheka.

Wewe unayesoma, viti, ndoo na tangi weka kivulini. Na ukianguka, kikague kiti kwanza kabla hujamkagua mwenyeji.

Mimi sikungoja kicheko kiishe. "Ondoeni viti vyote. Leteni mikeka."

Ikatandikwa. Mzee akaupapasa mkeka kwa kiganja, ndipo akakaa.

"Tuliacha wapi?" akauliza.

Mume wangu akapata sauti. "Mlikuja kuposa. Tumekubali."

Mzee akanyoosha mkono, wakashikana, na Fatiha ikasomwa pale pale.