Baraka Niliyoiweka Mwisho wa Programu

Nakumbuka Jumamosi moja ya ndoa, mwanangu, na ningependa kuisahau. Umeniomba nikupangie namna msafara wa harusi yako utakavyoingia ukumbini, kwa sababu watu wanasema zamani hapa Bukavu nilikuwa hodari wa kazi hiyo. Ni kweli, nilikuwa. Lakini soma hii kwanza. Sikusoma sana, nitakapokosea utanisamehe.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Rafiki yangu Furaha alikuwa anaolewa, akanikabidhi msafara wa kuingia. Tulifanya mazoezi mwezi mzima, vijana kumi na wawili, wawili wawili: hatua mbili mbele, moja nyuma, kutoka mlangoni mpaka viti vya maharusi. Kwa mwendo ule nyimbo tatu zinaisha bibi harusi hajakaa. Kwetu, ndoa isipoingia kwa kucheza, watu wanasema haikuingia. Siwalaumu, hata mimi nasema hivyo.

Baba yake Furaha, Papa Zihindula, alishuka kutoka kijijini kwake Mudaka asubuhi na koti la kuazima. Mkulima, mtu wa maneno machache. Mke wake alikuwa amekwisha kufa, kwa hiyo baraka ya wazazi ilibaki kinywani mwake peke yake. Tulipokuwa tumejipanga mlangoni, alinivuta pembeni.

"Mutoto yangu, niachie niseme maneno yangu hapa ku mulango, mbele ya kuingia. Ni kidogo tu. Kifua inanikamata tangu asubuhi."

"Papa, maneno ya wazazi iko ku mwisho, tukisha kukata gato, ile keki. Programu imeshaandikwa."

"Iliandikwa na nani?"

"Na mimi."

"Basi wewe unaweza kuifuta."

Vijana wakacheka. "Papa anaogopa kucheza! Ku Mudaka hamuchezake?"

"Tunacheza," mzee akajibu, "lakini tunakunywa kwanza."

Sikuifuta. Nikisema kwa haki, sikuwa na ubaya naye. Niliogopa atasema saa nzima, kama wazee wengine niliowaona, na wageni walikuwa wamengoja sana. Lakini pia nilitaka kusifiwa. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Tukaingia. Mzee amemshika Furaha mkono, hatua mbili mbele, moja nyuma. Walipofika katikati umeme ukakatika, wimbo ukanyamaza. Jenereta ikawashwa, na mtu wa kamera akalalamika kwamba video imeharibika. Hapo nikapiga makofi: "Wote murudi ku mulango! Tunaanza upya!"

Papa Zihindula hakusogea. "Mutoto yangu, mimi nimekwisha kuingia. Kwetu bibi harusi akisha kupita mulango, hatumurudishake inje."

"Papa, ni juu ya video tu."

Alinitazama, akamtazama binti yake, na nadhani hakutaka kumwaibisha mbele ya wakwe. Akarudi. Husemwa penye wazee haliharibiki neno. Siku ile mzee alikuwapo. Mimi ndiye niliyemnyamazisha.

Mara ya pili hakufika katikati. Aliachia mkono wa Furaha, akaanguka kati ya viti. Waliokuwa nyuma waliendelea kucheza kidogo, kwa maana muziki ulikuwa haujazimwa.

Hospitalini aliishi siku nne. Upande mmoja wa mwili ulikuwa umekufa, na ulimi pia. Macho yalikuwa wazi. Furaha alipiga magoti kando ya kitanda, akaunyanyua mkono wa baba yake, akauweka juu ya kichwa chake mwenyewe. Ukateleza. Akaurudisha, ukateleza tena. Mdomo wa mzee ulitikisika, neno halikutoka. Furaha akaniuliza bila kugeuka: "Ku mulango, alikuambia alitaka kusema nini?"

Nikamjibu kwamba sikumwuliza.

Daktari alisema ugonjwa ule ungeweza kumwangusha hata shambani. Namwamini. Furaha hajanilaumu hata siku moja, na ndoa yake imedumu. Siwezi kudanganya eti ililaaniwa. Lakini kwa miaka mingi alikuwa akipanda Mudaka kuuliza majirani baba yake alizoea kubariki kwa maneno gani. Kila mmoja alimwambia tofauti.

Basi, mwanangu, ingieni kwa kucheza, mujipambe, sikatazi. Ila mzee akiomba kusema, mpe nafasi saa ileile, hata kama muziki umeanza, hata kama atawachosha. Mwulize anataka kusema nini. Umeme ukikatika, endeleeni kwa vigelegele; video ikatike. Usimrudishe mtu nyuma ili wewe upendeze. Mwenye kupanga shughuli si mwenye shughuli, na mimi nilisahau hilo kwa dakika chache tu. Labda ni hofu ya uzee inayoniandikisha. Pima mwenyewe.

Mungu akuingize katika nyumba yako kwa mguu mwepesi. Akuachie wazazi wako wakingali na ulimi, na akupe masikio ya kuwangoja. Amina.