Core 2 Quad Iliyotoka Lubunga

Kompyuta yangu ya kwanza ilikuwa na prosesa ya Pentium 4. Ilikaa chumbani kwangu Mangobo, ubavu wake mmoja wazi, feni ya mezani ikipuliza ndani, nami nikiitumia kurekodi kwaya ya parokia yetu. Ilinguruma kama kinu, lakini haikuwahi kuniangusha. Tatizo ni kwamba sauti zikizidi tatu zilianza kukatika. Ikabidi niziunganishe mbilimbili, na zikishaungana hazitenganishiki tena.

Ikafuata Core 2 Duo, tulivu, yenye adabu. Nilipoifunga mahali pa ile ya kwanza sikuamini jinsi chumba kilivyonyamaza. Ilibeba sauti nyingi zaidi, ila kwaya nzima bado iliishinda.

Mama mdogo wangu, aliyekulia Yanonge, aliimba alto. Kila tulipomaliza kurekodi aliketi kitandani na kuvaa vidude vya masikioni.

"Sauti yangu iko wapi?"

"Iko ndani, mama mudogo, pamoja na za wengine."

"Ndani ya nini? Wenzangu bote nabasikia. Mimi nilifungua kinywa bure?"

Alicheka, lakini safari iliyofuata hakuja. Alituma neno kwamba magoti yanamuuma.

Muda si mrefu nikasikia kuna mzee wa reli, mstaafu, anauza kompyuta iliyoungua huko Lubunga. Nikavuka mto kwa pirogi. Mzee alikuwa ameiweka barazani, imejaa vumbi.

"Papa, hii mashine imekufa?"

"Alimentation, ile ya kuleta umeme, ndiyo imekufa. Kichwa iko muzima."

Nilipofungua nikaona amesema kweli: ndani mlikuwa na Core 2 Quad. Akaniachia kichwa hicho tu. Nilikifunga kwa sponji, nikakitia kwenye kopo la maziwa ya unga, na njia nzima ya kurudi nililikumbatia kopo lile tumboni huku maji yakiturusha.

Nyumbani nilifuta mafuta makavu ya kupozea kwa pamba, nikakilaza mahali pake, vitone vya dhahabu chini, nikabana kishikio, nikawasha. Kioo kikabaki cheusi. Nikasubiri. Kisha maandishi yakatokea, na nikajikuta nasema "merci" peke yangu chumbani.

Nilikwenda kwa mama mdogo mwenyewe. Nikamwambia sasa kila mtu atakuwa na mstari wake. Akafunga kitenge akanifuata. Tuliimba upya wimbo mzima, na mashine ikabeba sauti zote bila kukwama hata mara moja. Nikazima za wengine, nikamwachia yake.

Alisikiliza ameinamisha kichwa.

"Huyu ni mimi?"

"Ni wewe."

"Kumbe niko naimba vizuri!"

Akaomba niwarudishe wenzake, kisha nimpandishe yeye. Nikampandisha. Akasikiliza kidogo, akakunja uso.

"Bon, teremusha. Nabafunika benzangu."

Siku hizi nina Ryzen, na kwaya pamoja na ngoma zake zote haiioni kuwa mzigo. Naiheshimu sana. Ile Quad niliipeleka parokiani, ambako inaandika matangazo ya Jumapili, kazi ndogo mno kwa uwezo wake. Nikipita pale huingia, nikagusa ubavu wake kuona kama haina joto, na katibu ameshazoea kunisogezea kiti.