Samadi ya Ng'ombe Mweusi

Kiwanda cha ngozi kiko juu yetu, mto uko chini yetu. Zamani maji ya kiwanda yalishuka na ile dawa ya kunyonyoa manyoya, yananuka mayai viza, na hakuna mnyama aliyekunywa hapo. Halafu wakachimba bwawa. Fundi wa maji, kijana mpole aniitaye shosho kama bibi yake, akaja kwangu kuomba samadi mbichi ya ng'ombe wangu mweusi.

"Ya nini?"

"Iko na wadudu, shosho. Wadogo, jicho haliwaoni. Tunawaweka bwawani ili wale ile sumu."

"Ati wadudu wale sumu na wasife? Wewe umekunywa nini asubuhi?"

Alicheka, nami nikampa ndoo. Mashine ikawapulizia hao wadudu hewa mchana na usiku. Bwawa likawa la kahawia, povu juu, harufu ya udongo. Lakini maji yaliyotoka huko yalikuwa mazuri. Vyura wakarudi mtoni. Kiangazi kilipokausha mfereji wa nyumbani, ng'ombe wangu akawa ananywa hapo mtoni. Alikuwa na mimba, na wajukuu walikunywa chai ya rangi wakingoja azae.

Mke wa mwanangu hufagia hapo kiwandani. Siku moja msimamizi aliwaambia wanawake wafagiaji kwamba wanunuzi wanakuja na hataki kuona uchafu. Fundi alikuwa ameenda Nyeri mjini kutafuta mkanda wa mashine. Wale wanawake wakafanya vile sisi hufanya wakwe wakija, wakati hata mawe ya njiani husuguliwa. Walimwaga dawa ya kuoshea vyoo, dumu baada ya dumu, ndani ya bwawa lenyewe.

Jioni mke wa mwanangu alirudi anatabasamu. "Mama, leo bwawa hainuki! Povu yote imeisha. Wageni wamesifu."

Nilimsifu pia. Ningesema nini? Kusugua alijifunza kwangu.

Wadudu walikuwa wamekufa, na sumu ikapita bila wa kuila. Vyura ndio walinyamaza kwanza, lakini nani husikiliza vyura? Kesho yake adhuhuri ng'ombe alikunywa mtoni. Alipanda kilima akiyumba, akapiga magoti kwenye nyasi, akahema kwa mdomo wazi. Alikufa kabla daktari wa mifugo hajafika. Nilikuwa nimeweka mkono tumboni. Ndama alipiga teke kidogo, kisha akaacha. Daktari alikataza nyama isiliwe, tukamzika bila kumpasua.

Msimamizi alituma sukari na unga. Mke wa mwanangu akaanza kula chakula chake peke yake jikoni. Sikumkaripia. Sikumwambia neno zuri pia.

Kisha fundi akaja na ndoo yake, akasimama mlangoni anaangalia chini.

"Shosho, pole. Bwawa imekufa. Lazima tuanze upya."

"Kwa hivyo umekuja kuchukua samadi ya marehemu."

Aliweka ndoo chini.

"Na nikikataa?"

"Nitatafuta kwingine. Lakini mpaka nipate, maji itashuka vile iko."

Huko chini majirani wako na ng'ombe wao. Chini ya lundo samadi ilikuwa bado mbichi. Nikamwita mke wa mwanangu, neno la kwanza kumwambia tangu mazishi.

"Njoo ushike ndoo."

Tulikwangua zizi mpaka kwenye udongo. Fundi alipoondoka, mke wa mwanangu alileta maji na ufagio kama kawaida yake.

"Acha," nikamwambia. "Hapo usioshe."